Jinsi Korti Ipimavyo Adhabu

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni wa Jumuiya





Watu wengi wakisikia khabari ya kesi huuliza neno moja tu: ameshinda au ameshindwa? Likijibiwa neno hilo huinuka wakaenda zao. Mshtakiwa akiachiwa, jamaa humpokea kwa furaha; akitiwa hatiani, wengi huinamisha vichwa wakatoka kortini kimya kwa haya, kana kwamba shughuli imekwisha. Kumbe shughuli haijesha. Imekwisha nusu, na nusu iliyobaki ndiyo itakayoamua kama mtu yule atalala nyumbani kwake usiku ule, au atalala gerezani mwaka mmoja, au miaka ishirini, au hatatoka tena.

Korti ya jinai ina maswali mawili ya kujibu. La kwanza ni hili: mtu huyu ametenda kosa aliloshtakiwa, au hakulitenda? La pili: ikiwa amelitenda, apewe adhabu gani? Swali la kwanza hujibiwa kwa ushahidi wa tendo lenyewe, yaani nani alionekana, wapi, saa ngapi, na alishika nini. Swali la pili hutaka ushahidi wa namna nyingine. Hutaka kujua mkosa ni nani, ana umri gani, ameishi vipi na watu, amewadhuru kiasi gani waliokosewa, na kama kuna tumaini la kutengenea kwake. Ushahidi huo wa pili haupatikani katika majalada ya polisi peke yake. Sehemu yake kubwa imo vifuani mwa watu wa kijiji, wa mtaa na wa msikiti. Wasipousema, korti haitaujua.

Kwa sababu hiyo hotuba hii yaeleza jinsi adhabu inavyopimwa katika korti za Uganda, ili kila mwenye ndugu, jirani au mwanafunzi ajue mahali pake pa kusimama siku ya siku.

MIPAKA YA HAKIMU

Kwanza yapasa ijulikane kwamba hakimu hana ruhusa ya kutoa adhabu yo yote aipendayo. Amezungukwa na mipaka mitatu.

Mpaka wa kwanza ni sheria ya kosa lenyewe. Kila kosa limewekewa kipeo cha adhabu. Wizi wa kawaida kipeo chake ni kifungo cha miaka 10. Kuua bila ya kukusudia, kifungo cha maisha. Kuua kwa kukusudia, kifo. Hakimu aweza kushuka chini ya kipeo, lakini kukipita hawezi. Tena Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 28, imeongeza ulinzi mwingine: mtu haadhibiwi kwa adhabu iliyo kali kuliko ile iliyokuwamo katika sheria siku alipotenda kosa. Sheria ikikazwa leo, ukali wake hauwashiki waliokosa jana.

Mpaka wa pili ni daraja ya korti. Hakimu wa Daraja la Pili hawezi kumfunga mtu zaidi ya miaka 3. Hakimu wa Daraja la Kwanza hawezi kupita miaka 10. Hakimu Mkuu aweza kutoa adhabu yo yote iliyoruhusiwa na sheria, lakini hasikilizi kesi ya kosa ambalo kipeo chake ni kifo. Kesi za namna hiyo hupelekwa mbele ya Jaji wa Mahakama Kuu.

Mpaka wa tatu ni aina ya adhabu. Zipo faini, kifungo, kazi ya kuitumikia jamii, fidia kwa aliyedhurika, na onyo la kumwachia mtu kwa sharti la mwenendo mwema. Na juu ya zote ipo adhabu ya kifo. Zamani vilikuwapo pia viboko, lakini mwaka 2001 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba viboko vyavunja Katiba, ambayo yakataza adhabu ya kikatili na ya kumdhalilisha binadamu. Tangu hapo hakuna korti ya Uganda iwezayo kuamuru mtu achapwe.

Hapa lafaa kuelezwa jambo ambalo huwatatiza Waislamu wengi. Katiba imetaja korti za makadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi. Mambo ya jinai hayamo katika orodha hiyo. Basi hudud na kisasi haviamuliwi katika korti za Uganda, wala kadhi hana mamlaka ya kumwadhibu mwizi. Hata hivyo aliyekaa mbele ya walimu akasoma fiqhi hatakuta jambo geni kabisa, kwa kuwa fiqhi nayo ina mlango wa taazir, ambamo mwenye kuhukumu hupima adhabu kwa kulitazama kosa, na mkosa, na maslahi ya watu. Kazi ya hakimu wa Serikali anapopima adhabu yafanana na mlango huo.

WEZI WATATU WA KAHAWA

Na uchukuliwe mfano wa kubuni. Wanaume watatu wa kijiji kimoja wameiba, kila mmoja kwa siku yake, gunia moja la kahawa katika ghala moja. Kosa lao kwa jina ni moja, na kipeo cha adhabu ni kimoja. Je, wote watapewa adhabu sawa?

Wa kwanza ni kijana wa miaka 19 ambaye hajapata kushtakiwa maishani. Alipokamatwa alikiri papo hapo, akaonyesha alipolificha gunia, nalo likarudishwa likiwa zima. Wa pili ndiye mlinzi wa ghala, aliyepewa ufunguo akaaminiwa, naye ameiba kwa ufunguo huohuo. Wa tatu amekwisha kufungwa mara mbili kwa wizi, na safari hii amemjeruhi mzee aliyemkuta njiani.

Hata mtoto mdogo aona kwamba watu hawa si sawa. Kwa kijana kuna sababu za kupunguza adhabu: umri mdogo, kosa la kwanza, kukiri upesi, kurudisha mali. Kwa mlinzi kuna sababu ya kuzidisha, nayo ni khiyana, kwa maana amevunja amana. Kwa wa tatu sababu za kuzidisha ni mbili: amerudia kosa baada ya kuonywa, na ametumia nguvu. Korti huzipanga sababu hizo pande mbili za mizani, kisha hutazama mizani yaelekea wapi. Hiyo ndiyo maana ya kupima adhabu.

Lakini mizani yataka mawe ya kupimia yaliyo sawa. Ikiwa hakimu wa Mbale atampa kijana yule miezi sita, na hakimu wa Masaka akampa mwingine aliye kama yeye miaka minane, watu watasema kwamba haki ni bahati nasibu. Kwa ajili hiyo, mwaka 2013, Jaji Mkuu wa Uganda alitoa Mwongozo wa Kutoa Adhabu kwa korti zote. Mwongozo huo wataja madhumuni ya adhabu: kulaani uovu, kuwaonya wengine, kumtenga mkosa na watu inapolazimu, kumtengeneza, na kumfidia aliyedhurika. Kisha kwa makosa makubwa waonyesha pa kuanzia na wapi pa kufikia. Kwa kuua kwa kukusudia, Jaji huanzia miaka 35, na uwanja wake ni tangu miaka 30 hata kifo. Kwa kuua bila ya kukusudia huanzia miaka 15, na uwanja wake ni tangu miaka 3 hata kifungo cha maisha. Kutoka hapo pa kuanzia, sababu za kuzidisha humpandisha, na sababu za kupunguza humshusha.

Mwongozo huo ni wa kumwongoza Jaji, haumfungi mikono. Mambo ya kesi yakitaka hivyo, Jaji aweza kutoka nje ya uwanja, maadamu ameandika sababu zake.

KESI ILIYOFUNGUA VINYWA

Haikuwa hivyo siku zote. Kwa miaka mingi mtu aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia alikuwa na adhabu moja tu, nayo ni kunyongwa. Jaji hakuwa na la kuchagua. Hata kama moyo wake uliona kwamba mwanamke aliyesimama mbele yake aliteswa miaka kumi kabla ya kuua, au kwamba kijana yule alikuwa mfuasi tu wa wakubwa waliomtuma, ulimi wake ulikuwa umefungwa na sheria. Na sheria ya mwenendo wa kesi za Mahakama Kuu ilikuwa na kifungu kilichomruhusu Jaji kuuliza tabia na historia ya mkosa kabla ya kutoa adhabu yo yote, isipokuwa adhabu ya kifo. Maana yake ni kwamba mtu aliyeiba ng'ombe aliweza kuulizwa, "Una la kusema kabla hujapewa adhabu?" Lakini yule aliyekuwa karibu kupotewa na roho yake, yeye hakuwa na haki ya kuulizwa.

Katika gereza la Luzira, mjini Kampala, alikuwamo mwanamke aitwaye Susan Kigula, aliyehukumiwa kifo mwaka 2002 kwa kumwua mumewe. Yeye pamoja na wafungwa wenziwe zaidi ya 400 waliokuwa wakingoja kunyongwa walipeleka mashtaka yao mbele ya Mahakama ya Katiba. Hofu yao haikuwa ya mbali, kwani mwaka 1999 watu 28 walikuwa wamenyongwa katika gereza hilohilo la Luzira. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba ilitoa uamuzi wake, na tarehe 21 Januari 2009 Mahakama ya Juu, iliyo mwisho wa rufani zote, ikauthibitisha.

Uamuzi huo una sehemu tatu, na kila moja yafaa kushikwa vizuri, maana wengi huusimulia vibaya. Kwanza, adhabu ya kifo haikufutwa. Ingali katika Katiba na katika sheria. Pili, adhabu ya kifo ya lazima, yaani ile isiyomwachia Jaji nafasi ya kupima, imevunja Katiba. Kwa hiyo kila mtu, hata muuaji, ana haki ya kusikilizwa juu ya adhabu yake. Tatu, mtu akikaa zaidi ya miaka mitatu baada ya korti ya mwisho kuthibitisha hukumu yake ya kifo, naye hajanyongwa wala hajasamehewa, adhabu yake hugeuka kifungo cha maisha. Kwa kuwa kumweka binadamu miaka na miaka akisikiliza nyayo za mnyongaji ni mateso mengine juu ya adhabu.

Ndipo wale waliohukumiwa kwa sheria ya lazima wakaruhusiwa kurudi Mahakama Kuu, kila mmoja asikilizwe juu ya adhabu yake. Kigula alisikilizwa mwaka 2011, akapewa kifungo cha miaka 20, na mwanzoni mwa mwaka 2016 akatoka gerezani. Katika miaka ya kifungo alikuwa amejifunza sheria kwa njia ya posta katika Chuo Kikuu cha London. Mwaka 2019 Bunge nalo likapitisha sheria ya kuiondoa adhabu ya kifo ya lazima katika sheria za nchi.

Katika mambo hayo yote hapana aliyesema kwamba muuaji hana kosa, wala kwamba damu ya aliyeuawa ni rahisi. Kilichosemwa ni kwamba mtu asipimwe akiwa amezibwa kinywa.

SAA YA KUSEMA

Basi saa hiyo iliyopatikana kwa taabu hupitaje? Korti ikishamtia mtu hatiani, haitoi adhabu mara moja. Kwanza husimama mwendesha mashtaka, akaeleza kama mkosa amepata kuhukumiwa zamani, na akataja sababu za kuzidisha adhabu. Kisha husimama wakili wa mkosa, akataja sababu za kupunguza. Mkosa mwenyewe naye huulizwa kama ana neno. Huenda wakaitwa na wengine. Mwisho hakimu hutoa adhabu na kutaja sababu zake.

Katika kesi ambayo adhabu yake yaweza kuwa kifo au kifungo cha maisha, Katiba yataka mshtakiwa asiye na uwezo apewe wakili kwa gharama ya Serikali. Ni neema kubwa. Lakini wakili huyo hakuzaliwa kijijini pamoja na mkosa, na ana kesi nyingine mkononi. Kama hakuna jamaa aliyemwendea na kumweleza, atajua nini? Atasema maneno yale yanayosemwa kwa kila mtu: kwamba mteja wake ni kijana, ana mke na watoto, na anaomba huruma. Hakimu ameyasikia maneno hayo asubuhi, atayasikia tena jioni. Hayana uzito kwa sababu hayana ushahidi.

Chenye uzito ni jambo lililothibitishwa. Ikiwa mkosa ni mgonjwa, iletwe barua ya daktari. Ikiwa alikuwa akilea mayatima wa nduguye, aje mwenyekiti wa kijiji aseme anavyojua. Ikiwa alikuwa mwaminifu kazini miaka mingi, aje tajiri wake. Ikiwa amejuta, na ameanza kumlipa aliyemkosea, ionekane stakabadhi. Mwongozo wa mwaka 2013 waitaka korti itazame khabari za mkosa mwenyewe, jamaa zake na jamii yake, na pia madhara aliyoyapata aliyekosewa na madhara yaliyoipata jamii. Kwa hiyo imamu au mwalimu wa chuo akiandika barua ya kweli, au akifika kortini, hakuingia mahali pasipomhusu. Sheria yenyewe imeacha mlango wazi.

Lipo jambo moja ambalo lastahili kutajwa peke yake, nalo ni umri. Katika sheria ya Uganda mtu aliye chini ya miaka 18 alipotenda kosa hapewi adhabu ya kifo. Na hata kama kosa lake ni la kifo, hawezi kuwekwa kizuizini zaidi ya miaka 3. Tofauti kati ya miaka 17 na miaka 18 yaweza kuwa tofauti kati ya miaka 3 na miaka 35. Lakini wapo vijana wengi wasio na cheti cha kuzaliwa. Mzazi anayejua mwaka aliozaliwa mwanawe, mwalimu mwenye daftari la chuo lenye tarehe aliyoandikishwa mtoto, mkunga aliyempokea, hao wote wana ushahidi wa thamani kuliko fedha. Na wausema mapema, tangu siku ya kukamatwa, wasingoje siku ya adhabu.

Hata hivyo mlango huo una kizingiti, nacho ni ukweli. Anayemsifu mwizi sugu kwamba ni mcha Mungu ameivunja heshima yake mwenyewe na ya msikiti wake, na barua yake ya pili haitasadikiwa. Anayepeleka bahasha ya fedha kwa karani ametenda kosa jingine. Anayekwenda usiku kumtisha shahidi amemwongezea nduguye adhabu na kujitafutia yake.

Tena mizani ina pande mbili. Jamii inayojaa kortini kwa ajili ya mkosa, na haikumpeleka hata mtu mmoja kukaa kando ya mjane wa aliyeuawa, haikutenda haki. Mjane huyo naye ana haki ya kueleza hasara yake: shamba lililobaki bila ya mlimaji, ada za watoto, usingizi uliopotea. Naye pia huona haya na woga mbele ya watu wenye majoho. Yeye pia ahitaji mtu wa kumshika mkono.

MSAMAHA NA FIDIA

Wengi huuliza: ikiwa waliokosewa wamesamehe, mbona korti bado huadhibu? Jibu ni kwamba katika sheria ya nchi kosa la jinai huhesabiwa kuwa limetendwa juu ya watu wote, na kesi huendeshwa kwa jina la Uganda. Msamaha wa wenye damu, ambao katika fiqhi huweza kuondoa kisasi, hauifuti kesi ya kuua katika korti ya Serikali. Lakini hauendi bure. Suluhu ya kweli ni miongoni mwa mambo ambayo hakimu huyatazama anapopima, na Katiba katika kifungu cha 126 yaziagiza korti kuhimiza mapatano, na kuhakikisha aliyedhurika analipwa fidia ya kutosha. Korti ina uwezo wa kuamuru fidia hiyo juu ya adhabu nyingine.

Kwa makosa madogo, kama vile kupigana kusikoleta jeraha kubwa, hakimu aruhusiwa kuwapatanisha wenyewe kwa fidia, kesi ikaisha hapo. Na tangu Sheria ya mwaka 2000, kwa kosa ambalo korti ingaliweza kutoa kifungo kisichozidi miaka 2, mkosa akikubali aweza kupewa kazi ya kuitumikia jamii badala ya kifungo: kufyeka, kuchimba mitaro, kusafisha hospitali au shule iliyo karibu na kwake. Kazi hiyo haina mshahara, haizidi miezi 6, wala saa 8 kwa siku. Mkosa hulala nyumbani kwake, watoto wake hawapotewi na mlezi, na jamii aliyoikosea huona jasho lake kwa macho.

Lakini mapatano yana mahali pake, na wazee lazima wapajue. Mtoto wa kike akinajisiwa, kisha wazee wakakaa faraghani wakapokea mbuzi wawili na fedha kidogo ili jambo lisifike polisi, hiyo si suluhu. Ni kumwuza mtoto mara ya pili. Kosa hilo ni jinai kubwa, na hapana baraza la wazee, liwe la kijiji au la msikiti, lenye mamlaka ya kulifunika.

BAADA YA ADHABU

Adhabu ikishatolewa, bado kuna mambo mawili ya kuangaliwa.

La kwanza ni hesabu ya siku za rumande. Kifungu cha 23 cha Katiba chaamuru kwamba muda ambao mtu alikaa kizuizini kabla kesi haijesha utazamwe anapopewa kifungo. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba muda huo sharti upunguzwe kwa hesabu. Ikiwa Jaji ameona kifungo cha haki ni miaka 20, na mkosa amekaa rumande miaka 3, yabaki miaka 17. Mwaka uliofuata Mahakama hiyohiyo ikafafanua kwamba jambo kubwa ni korti kuonyesha wazi kwamba muda huo imeuhesabu. Basi jamaa waandike tarehe ya kukamatwa na waihifadhi.

La pili ni rufani. Mkosa asiyeridhika ana siku 14 za kutoa ilani ya kukata rufani. Lakini asitumaini kwamba korti ya juu itabadili adhabu kwa sababu tu majaji wake wangependa nyingine. Tangu mwaka 1954, wakati wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, kanuni ni moja na ingali hai: korti ya rufani haigusi adhabu isipokuwa pale ambapo korti ya chini imefuata msingi usio sawa, au imeacha kutazama jambo kubwa, au adhabu yenyewe imepita kiasi kwa ukali au kwa wepesi hata kuwa dhuluma. Kwa hiyo neno lililonyamaziwa katika korti ya kwanza ni vigumu kulisema katika korti ya pili. Saa yake imekwisha kupita.

WAJIBU WA JAMII

Katika yote yaliyotangulia, fundisho ni hili: sheria imeweka mizani mikononi mwa hakimu, lakini haikumpa macho ya kuona kila nyumba. Imemwachia nafasi ya kuuliza, na imewaachia watu nafasi ya kujibu. Nafasi hiyo haikupatikana bure. Wapo waliokaa miaka mingi Luzira wakisubiri kamba ndipo ikapatikana. Jamii inayoiacha ipite kwa sababu ya haya imemnyima mkosa haki yake, imemnyima aliyekosewa haki yake, na imemnyima hakimu mwanga.

Kumfuata ndugu kortini si kulipenda kosa lake. Baba aweza kulaani wizi wa mwanawe kwa moyo wake wote, kisha akasimama mbele ya hakimu akasema kweli yote, ya kumdhuru na ya kumfaa. Na mtu huyo akifungwa, kifungo kina mwisho. Isipokuwa wachache, wote watarudi. Watarudi katika mitaa ileile, wataswali katika safu zilezile. Aliyetembelewa gerezani hurudi akiwa bado mtu wa watu. Aliyetupwa hurudi akiwa mgeni, na mgeni mwenye uchungu ni hatari kwa nyumba.

Basi Jumuiya na ichague miongoni mwa wanachama wake watu wawili au watatu waaminifu, wajifunze njia za kortini, wawaongoze jamaa wa mshtakiwa na jamaa wa aliyekosewa pia, wawaelekeze kwa wakili, wakusanye vyeti na tarehe, na wafike siku ya kesi kwa wakati. Kazi hiyo haihitaji mali nyingi. Yahitaji ukweli, subira, na watu wasioona haya kukaa kwenye benchi la nyuma hata hukumu yote iishe kusomwa.

Wabillahi Taufiq.